Kununua albamu za wanamuziki huru kwa kufuata sifa za wahakiki: uzoefu wangu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua albamu mpya za wanamuziki huru kwa utaratibu uleule: nasoma wanachosema wahakiki, nasikiliza ninachoruhusiwa kusikiliza bila malipo, kisha naamua kama nitanunua au nitaacha. Ninaposema wanamuziki huru nina maana ya wale wanaotoa kazi zao wenyewe, au kupitia lebo ndogo zisizomilikiwa na kampuni tatu kubwa za muziki duniani, yaani Universal, Sony na Warner. Maoni yangu yanahusu huduma yote kwa jumla, uhakiki pamoja na duka la mtandaoni ambamo nanunua, kwa sababu kwa msikilizaji wa kawaida mambo hayo mawili hayatenganishiki. Kwa jumla nimeridhika nayo. Hata hivyo imenibidi nijifunze namna ya kuzisoma sifa zenyewe, kwani zina tabia ambazo mnunuzi mgeni hawezi kuzitambua upesi.

Tabia ya kwanza ni kwamba uhakiki wa albamu hizi karibu wote ni wa kusifu, na sijaona kwamba chanzo chake ni unafiki. Mhariri wa ukurasa wa muziki ana nafasi chache kila wiki, ilhali albamu zinazomfikia ni nyingi kiasi kwamba hata kuzisikiliza zote hawezi. Msanii mashuhuri akitoa albamu mbovu, kuiponda ni habari, na wasomaji watakuja kuisoma hata wale wasiokusudia kuisikiliza. Msanii asiyejulikana akitoa albamu mbovu, kuiponda hakumfaidii yeyote: msomaji hakuwa anaifahamu, msanii anaumizwa bure, na nafasi ambayo ingetumika kumtambulisha mtu mwenye kipaji imepotea. Basi albamu isiyompendeza mhakiki huachwa bila kutajwa, na hukumu kali kuliko zote hutolewa kwa kunyamaza. Ndiyo maana nikikuta albamu ya msanii huru imeitwa nzuri siioni kama taarifa kubwa, kwa kuwa karibu kila albamu iliyopata nafasi pale imeitwa nzuri. Ninachotafuta ni jinsi mhakiki alivyoifikia hukumu hiyo.

Alama za tarakimu hunisaidia kidogo tu. Pitchfork, iliyoanza miaka ya 1990 kama tovuti ya shabiki mmoja wa muziki, hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, na desimali ile moja humfanya msomaji aamini kwamba kuna mizani iliyotumika, wakati kilichotumika ni maoni ya mtu pamoja na mashauriano ya chumba cha habari. Metacritic nayo hukusanya uhakiki kutoka machapisho mbalimbali, hugeuza herufi na nyota kuwa alama ya 100, kisha hutafuta wastani ambamo machapisho mengine yana uzito kuliko mengine. Kwa albamu ya kampuni kubwa yenye uhakiki mwingi wastani huo una maana fulani. Kwa albamu ya msanii huru mara nyingi machapisho yaliyoandika ni machache mno kuweza kutolewa wastani, na hata ukitolewa, waliochangia ni walewale ambao tayari walivutiwa nayo hadi wakaomba kuiandikia. Wastani wa watu waliojichagua wenyewe hauwezi kuwa mdogo.

Hata hivyo nguvu ya sifa hizo ni ya kweli, na sidhani kama ni haki kuibeza. Mwaka 2005 kundi la Marekani liitwalo Clap Your Hands Say Yeah lilitoa albamu yake ya kwanza bila lebo yoyote, Pitchfork ikaipa 9.0, na muda si mrefu kundi ambalo halikuwa na msambazaji likajikuta na maagizo mengi kuliko lilivyojiandaa kuyatimiza. Kampuni kubwa hununua umaarufu kwa matangazo, kwa muda wa redio na kwa mabango. Msanii huru hana fedha hizo, na mara nyingi aya nne za mhakiki mmoja ndizo tangazo pekee atakalolipata. Nalizingatia hilo kila ninapoona ukarimu uliopita kiasi katika uhakiki, na huwa nausamehe nusu.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa mwaka 2024, albamu iitwayo Diamond Jubilee ya Cindy Lee, jina ambalo mwanamuziki wa Kanada Patrick Flegel hulitumia jukwaani. Ina nyimbo 32 na inachukua takriban saa mbili. Ilipotoka haikuwepo kwenye huduma zozote kubwa za kutiririsha muziki. Iliwekwa YouTube ikiwa video moja ndefu isiyokatwakatwa, na aliyetaka faili aliipakua kutoka kwenye ukurasa wa mtandao wenye sura ya miaka ya 1990, akaombwa kutoa mchango. Hapakuwa na kampeni ya matangazo. Pitchfork iliipa 9.1, kiwango kisichotolewa mara kwa mara kwa albamu mpya, na baadaye albamu hiyo ikaingia katika orodha fupi ya Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada.

Nilisoma sifa hizo kabla ya kuisikiliza, na nilichogundua ni kwamba uhakiki mwingi uliishughulikia namna ya kutolewa kwake kuliko sauti zake. Tuliambiwa kwa urefu kuhusu video ile moja, kuhusu msanii kukwepa majukwaa, kuhusu ushindi wa njia za zamani dhidi ya mashine za kupendekeza nyimbo. Yote hayo ni kweli na yanasisimua, lakini hayamwambii mnunuzi atakachokisikia. Atakachokisikia ni gitaa lenye mwangwi linaloongoza karibu kila wimbo, sauti nyembamba ya juu iliyosukumwa nyuma ya ala kana kwamba mwimbaji amesimama chumba cha pili, na melodi zinazokumbusha makundi ya wasichana wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zote zikiwa zimerekodiwa kwa namna inayoacha mikwaruzo na ukungu makusudi. Wahakiki wachache waliolieleza hilo ndio walionifaa. Mmoja wao alitaja kwamba nusu ya pili inachosha ukiisikiliza kwa mkupuo, na mimi naona ni kweli. Kuna nyimbo kama sita hivi ambazo zingeondolewa pasipo hasara. Lakini sifa ya jumla ilistahili, kwani melodi zake zinabaki kichwani kwa siku nyingi, na si albamu nyingi za saa mbili unazotamani kuzirudia.

Urefu huo unaleta jambo lingine, nalo ni muda ambao wahakiki hupewa. Uhakiki mwingi hutoka siku ileile albamu inapotoka, maana yake mwandishi alipewa nakala ya mapema, pengine kwa siku chache, akiwa na kazi nyingine mezani. Albamu yenye vipande vya melodi vinavyonasa sikio upesi, vibwagizo vikubwa na ngoma zinazogonga mapema hupata haki yake katika usikilizaji wa haraka. Albamu inayofunguka polepole haipati. Kwa sababu hiyo nimezoea kuzipa uzito zaidi makala zinazotoka wiki kadhaa baadaye, pamoja na orodha za mwisho wa mwaka, ingawa hizo nazo zina kasoro yao ya kuzisahau albamu za miezi ya mwanzo.

Kasoro inayonikera kuliko zote ni kuhakiki wasifu wa msanii badala ya kuhakiki albamu. Hadithi ya For Emma, Forever Ago ya Bon Iver inajulikana: Justin Vernon, mwanamuziki aliye nyuma ya jina hilo, alijitenga kwenye nyumba ya baba yake porini Wisconsin majira ya baridi, akarekodi sehemu kubwa ya albamu huko, akaitoa mwenyewe mwaka 2007, kisha lebo ya Jagjaguwar ikaitoa upya mwaka 2008. Hadithi hiyo ilirudiwa katika karibu kila uhakiki, na tangu hapo naona kila msanii huru anatafutiwa kibanda chake: huyu aliugua, yule aliachwa, mwingine alihama nchi. Sikatai kwamba mazingira huingia katika muziki. Ila For Emma haikudumu kwa sababu ya theluji. Imedumu kwa sababu Vernon aliziimba sauti za juu na kuzirundika moja juu ya nyingine hadi sauti ya mtu mmoja ikawa kama kwaya, na kwa sababu alianza na melodi zisizo na maneno, maneno yakafuata mkondo wa sauti, jambo linaloeleza kwa nini mistari yake ni ya fumbo lakini haikwaruzi sikio. Mhakiki akinieleza hivyo nitajua kama albamu ni ya kwangu. Akinieleza theluji tu, nitajua habari za hali ya hewa.

Hadithi hizo kwa kawaida hazitoki kwa mhakiki mwenyewe. Kila albamu huja na waraka wa kuitambulisha ulioandikwa na mtu wa uenezi, na ukisoma uhakiki mitatu ya albamu moja utautambua waraka huo kwa urahisi: msanii yuleyule wa zamani anatajwa kama kielelezo, vivumishi vilevile vinarudi, hata wimbo unaosifiwa ni uleule wa pili au wa tatu. Mimi husoma angalau uhakiki miwili ya kila albamu kwa sababu hiyo hasa. Wanachokubaliana huenda kimetoka kwenye waraka; wanachotofautiana kimetoka masikioni mwao.

Kuna pia dhana, ambayo wahakiki wenyewe wameilea, kwamba muziki huru lazima uwe wa chumbani, wenye kelele za nyuma na sauti isiyosafishwa, na kwamba ubovu wa kurekodi ni dalili ya ukweli wa moyo. Lakini dhana hiyo haisimami. Mwimbaji Muingereza Raye alijiondoa lebo kubwa ya Polydor mwaka 2021 baada ya kulalamika hadharani kwamba albamu yake ilikuwa inazuiliwa, akatoa My 21st Century Blues mwaka 2023 kama msanii huru, na mwaka 2024 akachukua tuzo sita za BRIT, tuzo kuu za muziki za Uingereza, kwa usiku mmoja, ikiwemo ya albamu ya mwaka. Albamu hiyo ina vyombo vya upepo, mipangilio mikubwa na usafi wa sauti ambao lebo yoyote kubwa ingejivunia. Ezra Collective wanaopiga jazi walishinda Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza na Ireland, mwaka 2023 kwa albamu waliyoitoa kupitia lebo huru ya Partisan, wakiwa wa kwanza wa jazi kuipata, na muziki wao ni wa kuchezesha watu, wenye afrobiti ndani yake. Kuhusu tuzo niongeze tu kwamba orodha ya walioteuliwa hunifaa kuliko jina la mshindi. Mshindi huwa ni mapatano ya majaji, ilhali ndani ya orodha mna albamu ambayo jaji mmoja aliipigania peke yake.

Sasa niseme kuhusu mahali pa kununulia. Sehemu kubwa ya ununuzi wangu hupitia Bandcamp, jukwaa lililoanza mwaka 2008, na sababu ya kulipendelea ni kwamba hapo sifa na muziki vinakaa ukurasa mmoja. Jarida lake, Bandcamp Daily, huchapisha makala yenye kicheza muziki ndani yake, hivyo mwandishi akidai kwamba besi ya wimbo wa nne ndiyo uti wa mgongo wa albamu, naubonyeza wimbo wa nne na kumhukumu papo hapo. Sijaona njia bora ya kumdhibiti mhakiki. Waandishi wa pale, huenda kwa kujua kwamba msomaji anaweza kuwakamata, huandika kwa undani kuhusu ala, midundo na namna ya kurekodi, na huifikia miziki ambayo majarida makubwa hayaigusi kabisa: kelele za majaribio, muziki wa kidini wa nchi ndogo, gitaa la mtu mmoja lisilo na uimbaji. Msomaji asisahau hata hivyo kwamba jarida hilo ni la duka. Linasifu kinachouzwa humo, na jukwaa hupata sehemu yake katika kila mauzo. Sijawahi kuona hilo likipotosha makala, lakini sitarajii kusoma humo kwamba albamu fulani haifai kununuliwa.

Sehemu hiyo ya jukwaa ni asilimia 15 kwa faili za kidijitali, inayoshuka hadi 10 msanii akishavuka kiwango fulani cha mauzo, na asilimia 10 kwa santuri, kaseti na bidhaa nyingine, mbali na makato ya malipo. Kuanzia tarehe 20 Machi 2020, wakati maonyesho yalipofungwa kwa sababu ya janga la korona, jukwaa lilianzisha Ijumaa maalumu ambazo halichukui sehemu yake, na mimi hujitahidi kuhifadhi ununuzi wangu kwa siku hizo. Tofauti na kutiririsha muziki ni kubwa. Spotify, kwa mfano, tangu mwaka 2024 haiuhesabii wimbo malipo mpaka usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, na kuna albamu zilizosifiwa vizuri sana ambazo nyimbo zake za katikati hazifiki hapo. Mnunuzi mmoja wa albamu nzima humletea msanii wa namna hiyo fedha ambazo wasikilizaji wengi wa mtandaoni hawamletei.

Huduma yenyewe sina malalamiko nayo makubwa. Ukishanunua unapakua faili katika muundo unaoutaka, MP3 au FLAC au WAV, na ukitaka unaweza kulipa zaidi ya bei iliyopangwa. Mara nyingi utaruhusiwa kuisikiliza albamu nzima kabla ya kulipa, ingawa ukizidisha utakumbushwa kwa adabu kwamba umefika wakati wa kununua. Nilichokithamini kuliko nilivyotarajia ni maoni mafupi ya wanunuzi chini ya albamu, ambapo kila mmoja anaweza kutaja wimbo anaoupenda zaidi. Watu hao wametoa fedha zao, hawakupata nakala ya bure wala waraka wa uenezi, na mara nyingi wimbo wanaoutaja ni tofauti na ule uliotukuzwa na wahakiki. Pale makundi hayo mawili yanapokutana kwenye wimbo mmoja huwa nanunua bila kufikiri sana.

Santuri ni habari nyingine. Niliwahi kuagiza toleo la santuri kutoka lebo moja ndogo baada ya kusoma sifa zilizoipamba hadi karatasi ya jalada, na nikaipokea wakati albamu yenyewe ilikuwa imeshazoeleka masikioni, huku upande wa kwanza ukiwa na mkwaruzo uliotoka nao kiwandani. Lebo ilinibadilishia kwa uungwana. Kwa anayetaka muziki na si kifaa cha kuwekea kabatini, faili inatosha, na wahakiki wangefanya vyema kutenganisha sifa za muziki na sifa za kifungashio.

Wasiwasi wangu ni kuhusu watakaoendelea kuifanya kazi hii. Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuvuka kwenda upande wa mmiliki mpya. Januari 2024 kampuni ya Condé Nast, mmiliki wa Pitchfork, ilitangaza kuiunganisha Pitchfork na jarida la GQ, na wafanyakazi kadhaa wakapoteza kazi. Pengo hilo linajazwa na mashine za kupendekeza nyimbo, ambazo sina ugomvi nazo isipokuwa moja: hazitoi sababu. Zinaniletea wimbo unaofanana na niliousikiliza jana, lakini haziwezi kuniambia kwa nini nivumilie dakika tatu za ukimya katikati ya albamu, wala kunionya kwamba nusu ya pili inalegea.

Kwa hiyo huduma hii naipendekeza kwa msikilizaji mwenye subira ya kusoma na anayependa albamu kama kazi nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Anayetafuta wimbo mmoja wa kuchezea mwishoni mwa wiki hataona faida ya kusoma aya kumi za uhakiki, na mashine zitamhudumia vizuri zaidi na kwa haraka. Kwa atakayeanza, ushauri wangu ni achague wahakiki wawili au watatu kwa majina yao badala ya kuchagua jarida, awafuate kwa muda hadi ajue wanakosea wapi, kwa sababu mhakiki ambaye ladha yake unaijua hukufaa hata anaposifu usichokipenda. Mimi ninaye mmoja ambaye kila albamu anayoiita ya kuthubutu hunichosha, na kila anayoilalamikia kuwa ni nyepesi mno huishia kwenye mkusanyiko wangu.